Stendi ya Oliva

Oliva alilijua neno 'stand' kwanza kwa miguu. Shuleni Matembwe, mwalimu alikuwa akilitamka mara moja tu anapoingia, na darasa zima linanyanyuka, meno yakigongana kwa baridi ya asubuhi. Kwake lilikuwa na maana hiyo moja, kusimama, hadi alipokuwa msichana mkubwa na kwenda Makambako kumsalimia shangazi yake.

Siku ya kurudi alikuwa stendi akisubiri basi la Njombe. Kijana mmoja, Elius, akamwomba amshikie baiskeli.

"Stendi yake imevunjika, dada. Nikiiachia inaanguka."

Akapotelea madukani kutafuta spea. Basi likaja, likajaa, likaondoka, Oliva bado ameshika usukani. Elius aliporudi aliona aibu. Akamnunulia chai na maandazi, akakaa naye mpaka basi la jioni. Mwaka uliofuata walifunga ndoa.

Wakapanda misindano, miti ya mbao, kwenye kilima kinachotazamana na nyumba yao. Bwana miti alipokuja kukagua aliwasifu kwamba stendi yao ilikuwa nzuri sana. Oliva akamuuliza mumewe kwa Kibena, je, mabasi yatapita wapi? Elius alipomtafsiria bwana miti, naye akaeleza kwamba watu wa misitu huita hivyo miti iliyopandwa pamoja, wakacheka wote watatu. Tangu hapo, akienda kupogolea matawi, Elius aliaga kwamba anakwenda stendi, na Oliva alimuuliza atarudi na gari gani.

Elius alifariki miti ikiwa imekomaa. Oliva aliiacha kwa miaka kadhaa, akiwarudisha wanunuzi kwa upole. Mwaka huu upepo ulipoanza kuiangusha mmoja mmoja, akakubali ikatwe.

Msumeno wa mashine ulipoanza kunguruma, alimshika mkono binti yake, Rejoice. "I can't stand," alisema taratibu, kwa Kiingereza alichokiokota kwenye vitabu vya sekondari vya binti huyo huyo.

Rejoice akakimbilia kigoda. "Kaa, mama. Umesimama muda mrefu."

"Miguu ni mizima, mwanangu. Nimesema siwezi kuvumilia."

Hata hivyo alikikalia kile kigoda. Akacheka, kisha akalia, na hakuondoka mpaka mti wa mwisho ulipolala.

Sasa kilimani kuna miche ya parachichi. Asubuhi akifungua mlango, Oliva anaona paa la kanisa ng'ambo ya bonde, lililofichwa na misindano tangu Rejoice akiwa mdogo. Bado hajauzoea mwanga wote ule.