Leso ya Jukwaani

Kitunguu kikiungua mahali, mara moja narudi Nakuru, kwenye nyumba yetu ya vyumba viwili. Sufuria inafuka moshi, na mama yangu amesimama mbele yake akimlilia mume aliyekufa. Mume mwenyewe yuko nje, mzima kabisa, anafua sare zangu za shule.

Mama alikuwa mwigizaji. Kikundi chao kilizunguka shule za upili, Naivasha hadi Molo, kikiigiza tamthilia ambazo wanafunzi walisomea mtihani. Niliwahi kumwona akiliza ukumbi mzima, walimu wakiwemo. Sokoni wasichana walimfuata wakimwita kwa majina ya wahusika wake, naye aliwajibu kwa sauti ya kila mmoja. Lakini nyumbani, jamani, jikoni alikuwa hatari. Akianza kukariri maneno yake, alisahau jiko, tukala mkaa. Kwa hiyo Baba, fundi wa magari, ndiye aliyepika, na mimi ndiye niliyekimbia kufunga pazia majirani wasimwone.

Habari zilifika Mau Narok kwa Anti Rael, dada mkubwa wa Baba. Alituma ujumbe kwamba anakuja Jumamosi na akina mama wawili wa kanisa lake. Akikuta ni kweli kaka yake amegeuzwa mpishi, Mama aache jukwaa. Asipoacha, Anti angenichukua akanilee yeye kwenye nyumba ya heshima. Nililia wiki nzima. Anti Rael alinuka dawa ya ng'ombe na hakuwahi kucheka.

Jumamosi ile nikatoa leso kwenye sanduku la Mama la maigizo, ile aliyojifunga kila alipoigiza mke mtiifu. Nikampelekea.

"Mama, jifunge tu. Shika mwiko. Ni saa moja tu, wataenda."

Aliipokea ile leso. Kisha akanipita, akamfunga Baba nayo kiunoni, kwa sababu alikuwa anakaanga nyama na mafuta yalikuwa yanamrukia.

"Kwa jukwaa nitaigiza hata mbuzi," akaniambia. "Hapa kwangu siigizi."

Nilimchukia. Nawaambia ukweli, nilimchukia kabisa.

Wageni wakaingia. Mama akawapokea kwa mikono miwili, akawakalisha, akakaa nao. Baba akatokea na birika, leso ya maua mekundu kiunoni. Wale wawili wa kanisa wakatazama sakafu. Anti Rael akawa anatweta.

"Kwa hivyo ni ukweli," akasema. "Wewe umemfanya ndugu yangu nini?"

"Mimi sijamfanya kitu, Anti. Yeye anajua kupika, mimi sijui. Kunywa chai."

"Utaacha hiyo maigizo?"

"Siachi."

"Basi Chebet, chukua nguo yako twende."

Nilisimama. Mama hakupaza sauti. Alinivuta akaniketisha magotini pake, mimi mkubwa wa darasa la tano, akanizungushia mikono.

"Huyu haendi mahali."

Anti akamgeukia Baba. Baba akafuta mikono kwenye leso. "Rael, mtoto ni wetu. Nyama imeiva. Unakula ama huli?"

Hakula. Aliondoka na mkoba wake, na miaka mingi ikapita bila kukanyaga kwetu, hata nilipoolewa. Baba aliumia, nilimsikia akilitaja jina lake wakati wa maombi. Wale akina mama wawili walibaki nyuma kidogo, wakala, na mmoja akauliza nyama ile iliwekwa nini.

Kwa muda mrefu nilidhani siku ile Mama alikuwa mkaidi tu. Juzi mama mkwe wangu alituma salamu kwamba anakuja, nami nikajikuta namwondoa mume wangu jikoni mbio mbio, namnyang'anya mwiko. Nikasimama hapo nao mkononi, kitunguu kikianza kuungua. Mwanamke yule aliyeliza kumbi angemdanganya Anti Rael kwa dakika tano, na Anti angerudi kwake amefurahi. Angeweza! Ila mimi ningekaa pembeni nikitazama, nikajifunza nafasi yangu.

Nilimrudishia mume wangu mwiko. Kisha nikaenda nikafungua pazia.