Nilijiona nimegundua hali adimu ya quantum, dada yangu mkagua korosho akaniuliza swali moja

Salaam wakuu. Haya yamenikuta mwenyewe na chumvi sijaongeza. Ambaye fizikia inamchosha avumilie kidogo, korosho zinakuja.

Nasoma masters ya fizikia. Kazi yangu ni kuchambua data tunazotumiwa na maabara moja ya nje, maana mashine yenyewe sisi hatuna.

Iko hivi. Kuna superconductor, metali ambayo ukiipoza sana inapitisha umeme bila kupoteza hata chembe. Juu yake unapanga atomi za chuma, zenye usumaku, mstari mmoja.

Kwa kawaida sumaku na superconductor haziivi chungu kimoja. Ila ukizipanga vizuri, nadharia inasema kwenye ncha za mstari inazaliwa hali ya ajabu inaitwa Majorana. Huja kwa jozi, moja ncha hii, mwenzake ncha ile. Wanaotaka kompyuta za quantum wanaisaka kweli kweli.

Basi data ya ncha ya kushoto ikaonyesha mwinuko safi wa graph kwenye nishati sifuri, palepale panapotakiwa. Niliruka kitandani kama mtoto.

Supervisor akafurahi, akasema niandike makala, jina langu litangulie, tuitume Jumatatu.

Nikaja nayo nyumbani Mtawanya kuimalizia. Mdomo ukaniponza nikamwambia mama. Mama akazifikisha habari Ufukoni kwa mashangazi, na kufikia jioni nilishakuwa profesa.

Alhamisi nikamfuata dada yangu Somoe ghalani. Yeye hukagua korosho za wakulima kabla hazijapokelewa. Anachukua za juu ya gunia, anachukua za katikati, halafu gunia linapinduliwa anachukua za chini. Anazikata moja moja aone kiini.

Bibi mmoja akalalamika, "Mwanangu, si umeziona hizo za juu? Safi kabisa."

"Nimeziona bibi. Sasa naomba za chini."

Saa ya kula akaja kuchungulia laptop yangu. Nikamweleza habari ya ncha mbili, najidai kweli.

"Na hiyo ncha nyingine ikoje?"

"Lazima iwe hivihivi dada, nadharia inasema."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mdogo wangu, kila mtu hapa ananiambia chini ni kama juu. Wewe umeangalia?"

Nilinuna. Ukweli ni kwamba faili la ncha ya kulia nilikuwa nalo wiki nzima. Nilikuwa najiambia sina muda, kumbe naogopa.

Nikalifungua palepale. Hakuna mwinuko. Pametulia tuli.

Nikairudia picha ya atomi za ncha ya kushoto, nikaona atomi ngeni imeng'ang'ania pembeni ya ncha. Uchafu tu, na ndio uliokuwa ukinichezea. Wakuu, machozi yalinitoka mbele ya magunia, mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa mtihani. Supervisor aliniamini, hakuwahi kuniuliza ya kulia. Nikinyamaza, makala inatoka na jina langu mbele. Nikisema, makala inakufa, na pengine masters nayo inakwenda na maji.

Nikamuuliza dada. Akajibu huku anaendelea kukata, "Kila gunia ninalolipitisha lina jina langu. Likioza huko liendako, hawamtafuti mkulima."

Nikatuma email na graph zote mbili. Ijumaa nilishinda nafungua email.

Jumamosi supervisor akajibu. Makala ameisitisha, kaniita mzembe, na nilistahili. Ila mwishoni akasema nibadilishe thesis, niandike jinsi ya kuutambua mwinuko wa uongo.

Nimeitetea mwezi uliopita, nimepita. Kosa langu limo mle, nimelieleza lote. Mama bado anawaambia watu nimegundua umeme, nimechoka kumsahihisha.

Nilichojifunza ni kwamba kitu unachokitamani sana ndicho cha kukikagua kwa ukali zaidi, maana roho ishapitisha kabla ya macho.

Juzi ile maabara imetuma data mpya. Mwinuko upo ncha zote mbili. Wanasema hawatangazi chochote mpaka niikague mimi. Nimesoma ile email mara nne, nimefurahi kuliko siku ile ya kuruka kitandani.

Wataalamu mliomo humu, kabla sijawajibu, niangalie nini kingine? Nikosoeni bila huruma.