Siku Ngoma Ilipowekwa Chini

Juzi nilienda Mwihoko kumwona mjukuu, nikakuta gari la kampeni limeziba njia, mgombea ameinua Biblia juu kama mwavuli. Nikacheka peke yangu. Wacha nikuambie, rafiki yangu, mimi niliona mwanasiasa wa Mungu kabla mama ya mgombea huyo hajazaliwa.

Tulikaa kwenye shamba la kahawa huku Ruiru, chumba kimoja, kuta nyeusi kwa moshi. Kengele ya shamba ilituamsha, na harufu ya maganda ya kahawa yakioza mtoni. Sisi watoto tulichuma na mama zetu, vidole vinanata, mchana githeri baridi, mahindi na maharagwe, kwenye mkebe. Mchungaji wetu alikuwa mkata matawi tu, mtu wa kutoka magharibi, miguu mikubwa isiyojua kiatu. Jumapili alivaa kanzu nyeupe, akabeba ngoma, na sisi wote nyuma yake tukiimba kwenye vumbi jekundu. Ngoma ile ilikuwa na sheria: haigusi ardhi, na hakuna mtu wa kuitangulia popote. Cucu yangu, mama ya baba, alikuwa akisema, "Ngoma ikilala chini, na Mungu analala."

Basi, pale shambani ukizeeka ulitolewa chumbani na sufuria zako. Mchungaji akachoka kuona hayo. Akaanzisha chama cha waumini, alama yake ngoma, akasimama udiwani. Akaahidi kuwapigania wazee wa mashamba wapewe ploti za kujenga huko Gitothua. Baba yangu alikuwa na kifua kibovu kwa sababu ya kazi ya kunyunyizia kahawa dawa, na meneja alikuwa amemwambia mavuno yakiisha ahame. Tuliombea kura ile kama watu wanaoombea mvua.

Siku ikafika. Tukaandamana hadi shule ya kupigia kura. Langoni askari akasema, "Ngoma ni alama ya chama. Haiingii. Iwacheni hapa nje."

Sasa nani aitangulie? Watu wakakaa kwenye nyasi wakiimba. Wapita njia wakatucheka: "Nyinyi mmekuja kura ama harusi?" Jua likaanza kuteremka. Mama yangu, mtoto mgongoni, akasimama.

"Mchungaji, hiyo ngoma haitanijengea. Weka chini!"

"Nyamaza, wewe!" cucu akamkemea.

"Nitanyamaza nikipata pa kulala, mama."

Baba akakohoa. Mchungaji akamtazama, kisha akaishusha ngoma kwenye vumbi polepole, kama anayelaza mgonjwa. Akaingia wa kwanza. Wote wakamfuata isipokuwa cucu. Yeye alikaa kando ya ngoma, mkono juu yake, mpaka kura zikafungwa. Kura hakupiga.

Mchungaji akashinda. Na ploti ilitoka, usifikiri ilikuwa maneno ya siasa! Ndipo nilipo sasa, na mimi niliyeishia darasa la pili nimesomeshea watoto wangu hapa mpaka wakawa walimu. Lakini Jumapili iliyofuata ngoma ilipolia, cucu hakutoka. Wazee wengine nao wakabaki wameketi. Mchungaji akaanza kuvaa viatu na kwenda mikutano, waimbaji wakapungua, chama kikazimika kama moto usioongezwa kuni.

Mchungaji nilimwona mara ya mwisho huko Kamenu, kwenye kanisa la watu wengine, benchi la nyuma kabisa. Macho yameingia ukungu.

"Wewe si wa yule mzee wa kifua?"

"Ndiye mimi, Mchungaji."

"Nyumba haivuji?"

"Haivuji."

Akatikisa kichwa, akafurahi. Habari ya cucu hakuuliza, na mimi sikuitaja.

Shamba lile siku hizi ni maghorofa ya kupangisha, nguo zimeanikwa mpaka juu. Jumapili kila mtu anatoka kwa mlango wake akienda kwa kanisa lake. Mimi pia nafunga mlango wangu, kwa kufuli yangu, namshukuru Mungu. Halafu nikifika barabarani nasimama kidogo, kama mtu asiyejua anamfuata nani.