Jino la Bwana Harusi na Kioo cha Fundi Saa

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili nifunge ndoa nilipovunja jino la mbele, la juu, kwa sababu ya korosho moja. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa mwalimu katika shule ya kijiji karibu na Nanyamba, na kila asubuhi niliwakataza wanafunzi wangu kubangua korosho kwa meno. Niliwaambia kwamba jino ni amana, na kwamba mwenye pupa hula ganda kabla ya kokwa. Siku ile, nyuma ya ghala la shamba la shule, nikiwa peke yangu, nilifanya nililokuwa nikilikataza. Kipande cha jino kilibaki ndani ya ganda. Korosho yenyewe ilikuwa imeoza.

Baada ya siku tatu ufizi ulivimba. Mganga wa meno alikuwa hospitalini, Mtwara mjini, na sifa yake ilijulikana hadi vijijini: mkono wake ulikuwa mwepesi, na kwa jino lililokwisha kufikia hali kama ya langu alikuwa na dawa moja tu, nayo ni koleo. Sikuogopa maumivu, au tuseme, niliyaogopa kwa kiasi. Nililoliogopa hasa ni pengo. Mchumba wangu nilikuwa nimemwona mara nne, mbele ya wazazi wake, na mara zote nilikaa kama hakimu anayesubiri kusoma hukumu. Je, siku ya harusi, akiinua macho na kumkuta mumewe ana mlango wazi kinywani, moyo wake hautarudi nyuma? Mimi niliyekuwa nimehutubia darasa zima juu ya ubatili wa kujipamba nilianza kujitazama katika kila kioo cha dirisha.

Nilishuka mjini kwa lori la korosho. Badala ya hospitalini, miguu ilinipeleka maktaba, na huko, katika gazeti la kigeni lililopitwa na wakati, nikakuta makala juu ya mwanga ambao siku hizi tunauita leza. Wataalamu wa ng'ambo, yalisema makala hayo, walikuwa wameanza kuuelekeza mwanga huo kwenye meno, wakitumaini kwamba siku moja utatibu pasipo chuma kumgusa mgonjwa. Niliyasoma mara mbili. Kisha nikayanakili yote katika daftari la maandalio ya masomo, nikaenda kumwonyesha rafiki yangu mmoja, fundi saa, aliyekuwa na kibanda kando ya soko. Alikuwa mtani wangu wa kabila, na kwa hiyo hakuwa na wajibu wowote wa kunistahi.

"Mtani, huo mhogo uliouficha shavuni umeuiba shamba la nani?"

"Ni jino, bwana. Sikiliza kwanza." Nikamsomea: mwanga mwembamba, uliokusanywa pamoja, unaotoka katika yakuti nyekundu.

"Uliokusanywa pamoja," alirudia polepole, akanyoosha mkono na kukitwaa kioo chake kikubwa cha kukuzia. "Yakuti sina, mtani. Lakini hili jua la Mtwara limepungukiwa nini?"

Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba mwanga wa maabara si ndugu wa jua linalokausha makopa ya mhogo. Isitoshe, aya ya mwisho ya makala ilieleza bayana kwamba meno mengi yaliyojaribiwa yalikuwa yamekwisha kung'olewa, na kwamba joto lilitishia kuua kiini cha jino lililo hai. Aya hiyo niliisoma haraka. Mtu anayetafuta ruhusa huisoma haraka aya ya mwisho.

Basi saa saba mchana mwalimu mzima alikaa juu ya kigoda, kandokando ya soko, kinywa wazi kuelekea mbinguni.

"Usitikisike. Nimetengeneza saa ndogo kuliko jino lako."

"Aa," nilijibu, kwa kuwa ndilo neno pekee linalotamkika katika hali ile.

Mwanzoni sikuhisi kitu. Kisha nikahisi uvuguvugu wa kupendeza, nikaanza kuwahurumia wataalamu wa ng'ambo kwa gharama zao. Mama mmoja aliyebeba beseni la dagaa alisimama, akatutazama kwa muda.

"Jamani, huyo mnamtibu au mnambanika?"

Fundi aligeuka ili amjibu. Kioo nacho kiligeuka. Harufu ya nywele ilitangulia, maumivu yakafuata, na niliporuka kutoka kwenye kigoda nusu ya sharubu zangu ilikuwa imekwenda, na mdomo wa juu umetunga lengelenge kubwa kama punje ya hindi.

"Lakini jino," alisema mtani wangu baada ya kuchungulia, "halikupata madhara yoyote."

Lori la kurudi lilisimama jirani na nyumba ya wakwe zangu watarajiwa. Nilikusudia kupita nikiwa nimejifunika leso, ila bibi yake mchumba wangu alikuwa barazani akimenya mihogo, na macho yake yalikuwa hayajazeeka.

"Karibu, mume wangu," alisema, maana bibi wa mke ana haki ya kukuita hivyo. "Sharubu za upande wa pili umemwachia nani?"

Nikaketi, nikamweleza yote, makala na yakuti pamoja. Alicheka hadi kisu kikamponyoka, na alipocheka yalionekana meno yake ya mbele, yaliyochongwa yakawa na ncha kama ilivyokuwa desturi ya wasichana wa Kimakonde wa zamani zake.

"Unayaona haya? Nilipokaribia kuolewa nililazwa chali. Patasi na nyundo, jino baada ya jino. Shangazi alikaa hapa kichwani ananitazama. Ningelia, angesema huyu bado mtoto, rudisheni posa. Sikulia. Na wewe, mwanamume na elimu yako, umejibanika kama pweza?"

"Bibi, yako yalikuwa mapambo. Langu litakuwa pengo."

"Nani amekwambia mjukuu wangu anaolewa na jino?"

Nilikuwa na methali kadhaa akilini, na zote zilikuwa upande wake. Kesho yake nilirudi mjini. Mganga wa meno alinichoma sindano ya ganzi, kisha akauinamia mdomo wangu.

"Na hili lengelenge?"

"Mwanga," nilisema.

"Mwanga gani?"

"Wa jua."

Aliandika jambo refu katika kadi yangu ambalo sikuthubutu kulisoma. Nikaanza dua niliyoikusudia iwe ndefu. Sijafika katikati, jino lilikuwa limekwisha kulia kwenye sahani ya bati.

Siku ya ndoa lengelenge lilikuwa limekauka na sharubu nimezinyoa zote. Nilimjibu shehe "nimekubali" kwa mluzi mwembamba, mashahidi wakaomba nirudie, nikarudia kwa mluzi mnene zaidi. Waliponifikisha mlango wa chumba cha bibi harusi, nilimkuta yule bibi ameukalia pamoja na wanawake wa nyumba. Kwa mila, mwenye mlango hudai ada ndipo aondoke.

"Leo sitaki ada nyingine," alitangaza. "Acheke, tumwone."

Nilimsihi kwa macho. Hakusogea. Moyo wangu ulikuwa kule ndani, nyuma ya mbao zile, ukingoja hukumu. Nikacheka, kwanza kwa kulazimishwa, halafu, sijui kwa nini, kwa kweli. Vigelegele vilipasuka, na chini ya vigelegele nikasikia sauti ngeni ikicheka ndani ya chumba.

Nilipoingia, alinitazama kinywani bila haya kwa muda mrefu.

"Alhamdulillahi," alisema mke wangu. "Mara zote nne ulizokuja hukucheka hata kidogo. Nilidhani huna hata jino moja."