Nyuzi Arobaini Zisizosogea

Soko huria lilipofika Mbinga, mnunuzi mmoja binafsi alituletea kijijini Matiri mashine ya kukaushia kahawa, kubwa kuliko kanisa, na kompyuta ya kuilinda isiunguze. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, nikapewa cheo cha kuiwasha. Hata kuku waliniamkia shikamoo.

Kila asubuhi, kabla ya moto kukolezwa, programu iitwayo draiva ilipiga hodi kwenye kipimajoto. Kisipoitika, ilitakiwa irudi nyuma, ifunge ilichofungua, iseme wazi kwamba hakuna mtu. Hapo kompyuta ilikataa moto. Na kwa ukungu wetu wa Julai, kipimajoto kiliitika kwa kusuasua kama mlevi.

Foleni ya wakulima ilimcheka fundi wetu, mtu wa Dar es Salaam.

"Fundi, mgonjwa wako kaamkaje?"

"Mpelekeni hospitali ya Litembo akalazwe!"

Siku moja akachoka. Akaibadilisha draiva: isipojibiwa, iseme imejibiwa, ioneshe nyuzi arobaini, kazi iendelee.

"Na kikiwa kimelala kweli?" nikamuuliza.

"Kitaamka chenyewe, bwana. Washa."

Ndani ya pipa la mashine tulikuwa tumemimina kahawa yote ya shangazi yangu, msimu mzima, fedha ya mabati ya nyumba yake iliyovuja tangu afiwe na mume. Moto ukakolea. Kioo cha kompyuta kikasema arobaini. Nikala muhogo, arobaini. Jua likatoboa ukungu, arobaini. Joto halijawahi kuwa na adabu namna hiyo.

Kisha ikaja harufu, tamu na nzito. Sisi tunalima kahawa tangu enzi za babu, lakini hatuinywi. Hutoka kwetu ikiwa mbichi, harufu ya kukaangwa hatuijui. Foleni nzima ikainua pua.

"Wifi, kahawa yako inanukia kama peponi!"

Shangazi akacheka, akajifunga khanga upya kama bibi harusi.

Fundi alikuwa nje akinawa. Kwao Dar kahawa huuzwa barabarani, kwenye mabirika. Nikamwona amesimama ghafla, maji yakimchuruzika mikononi.

"Zima," akasema, taratibu kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

Tulipofungua pipa, ulitangulia moshi, kisha punje nyeusi tii. Shangazi akachota mkono mmoja. Zilimuunguza, hakuziachia.

"Mwanangu, ndiyo zimekauka?"

Kioo bado kilisema arobaini.

"Zimeungua, shangazi."

Nyuma yetu foleni ilikuwa ingali inasifia harufu.