Kituo cha Tano

Chuo ninachofundisha kina msalaba katika kila chumba. Darasani uko juu ya ubao, ofisini uko juu ya kalenda, na hata stoo ya vifaa vya michezo ina wake, umetundikwa kati ya nyavu za voliboli. Nilipoajiriwa nilimuuliza sista mkuu wa chuo kama mipira nayo inahitaji ulinzi. Alinitazama kwa upole akasema, "Mwalimu, wewe uliza tu. Tumewazoea watu wa chuo kikuu." Tangu siku hiyo nimeuliza mengi na hakuna aliyenikasirikia. Hilo lenyewe linachosha.

Kanisa dogo la chuo lilikuwa na Njia ya Msalaba iliyochorwa na baba yangu. Baba alikuwa mchoraji wa mabango kule Siakago: vinyozi, maduka ya dawa za mifugo, hoteli za chai. Kabla sijaanza shule, masista walimwomba awachoree vituo vyote kumi na vinne kwenye plaiwudi. Mrumi hakuwa amewahi kumwona hata pichani, kwa hiyo askari wake walivaa kama askari wa chifu, na Pilato aliketi nyuma ya meza ya ofisi, kalamu mfukoni.

Kituo cha tano ndicho kilichojulikana zaidi. Hapo Simoni Mkirene anamsaidia Yesu kuubeba msalaba. Baba hakumbebesha begani. Alimchora ameinama, msalaba uko mgongoni, umeshikiliwa na ukanda wa ngozi uliopita juu ya paji la uso, jinsi wanawake wa kwetu wanavyobeba kuni. Ukanda huo tunauita mukwa, na mwanamume habebi kwa mukwa. Kila Kwaresima, wanafunzi wapya wakifika hapo ungesikia mtu akinong'ona nyuma, "Huyu anaharakisha akapike," halafu kicheko kinachojificha ndani ya kikohozi.

Mimi nilijua Simoni alitoka wapi. Baba alizichora mbao hizo uani kwetu, na mama alikuwa akipita na mzigo wake. Simoni ana ndevu, lakini shingo ni ya mama, na ule mfereji kwenye paji la uso, uliochimbwa na ukanda mwaka baada ya mwaka, ni wa mama. Alifariki mwaka juzi. Picha ya ujana wake hatuna, isipokuwa nakala ya kitambulisho ambayo uso wake umekuwa doa jeusi.

Mwaka huu mfadhili mmoja aliletea chuo vituo vipya, vya kufinyangwa, vyeupe, vyenye ukingo wa dhahabu. Sista aliniita ofisini.

"Nimeona nikwambie wewe kwanza, umwambie mzee."

"Na zile mbao za zamani?"

"Zilibarikiwa, Mwalimu. Kitu kilichobarikiwa hakitupwi. Zitachomwa pamoja na matawi ya mitende ya mwaka jana, kabla ya Jumatano ya Majivu, halafu tufukie majivu yake."

Nikamuuliza: kama ni vitakatifu, vinachomwaje? Na kama si vitakatifu, kwa nini asipewe aliyevichora? Alisema hilo nimpelekee padri.

Padri mlezi wa chuo si mtu mgumu. Alinisikiliza, akakuna kidevu. "Ubao mmoja anaweza kupewa, mradi uwe wa kusali. Mwambie mzee aje, aniambie kwa mdomo wake kwamba atauweka ukutani na kusali mbele yake. Ni hilo tu."

Nikampigia baba. Nilisikia kuku upande wake.

"Nataka ule wa tano," akasema.

"Utaulizwa kama ni wa kusali. Wewe sema ndiyo."

"Nimesikia."

Nilikata simu nikaenda kufundisha. Nilitarajia kuhisi kitu, angalau hasira. Tangu mazishi ya mama mambo hunifikia kama redio ya jirani: nasikia kwamba kuna mtu anaongea, basi.

Siku ya kuchoma baba alifika mapema, amenyoa, amevaa koti lake la kanisani. Mbao zilikuwa zimeegemezwa kwenye tangi la maji nyuma ya kanisa, na wanafunzi walikuwa wakirundika mitende mikavu. Alizipitia moja moja, mikono nyuma. Kwa Pilato alicheka kidogo. "Huyu nilimnyima droo ya meza," akaniambia. "Plaiwudi iliniishia." Kwenye wa tano alisimama.

Padri akaja. "Mzee, kijana wako ananiambia unautaka huu."

"Ndiyo, Fatha."

"Utauweka wapi?"

"Ukutani, karibu na kitanda."

"Na utakuwa ukisali mbele yake?"

Baba alivua kofia. Mimi nilikuwa nyuma ya padri, nikamwashiria kwa kichwa: ndiyo, sema ndiyo.

"Hapana, Fatha."

"Hapana?"

"Nitakuwa namwangalia mama ya huyu," alisema, akininyooshea kofia. "Kusali huwa nasali kanisani."

Padri akautazama ubao, akanitazama mimi, akaurudia ubao. Nadhani ndipo alipoiona ile shingo. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mzee, chukua tu. Mungu anaelewa."

"Umeniuliza, nimekujibu. Sasa ukinipa, ulikuwa unaniulizia nini?"

Padri alikuna kidevu.

"Baba, tuchukue twende," nikasema. "Ni plaiwudi tu."

"Kama ni plaiwudi tu, iko hata Siakago."

Akaubeba mwenyewe. Aliulaza juu ya mitende kwa uangalifu, uso ukiangalia juu, jinsi alivyokuwa akilaza mabango yakauke. Wanafunzi wakaongeza zile nyingine, padri akasali sala fupi, sista akawasha. Rangi ilianza kutoa malengelenge, na moshi ukawa mweusi. "Hiyo ni rangi ya mafuta," baba akawaambia wanafunzi. "Msisimame upande huu, itawaumiza kifua." Wakahama. Simoni aliungua kuanzia miguuni. Nilitazama mpaka mwisho, na nilichohisi ni joto kwenye miguu yangu.

Tulipokuwa tukitembea kwenda barabarani nilimwambia anaweza kuchora mwingine, nitamnunulia rangi. Akaninyooshea mkono wa kulia nione. Vidole vilikuwa vikitetemeka vyenyewe. "Huu unamwaga hata chai," akasema.

Asubuhi ile, kabla hajafika, nilikuwa nimezipiga mbao zote picha kwa simu. Simu ya baba ni ya vitufe, haionyeshi picha. Kwa hiyo wiki iliyofuata nilikwenda kwa cyber moja mjini Embu, wakanichapia ule wa tano, mkubwa, wakaufunika kwa plastiki, nikampelekea Siakago.

Aliupeleka dirishani, akausogeza mbali na macho, akaurudisha.

"Bluu si hii."

"Ya kanzu ya Simoni?"

"Ya kanzu. Yangu ilikuwa imekolea. Hii imeingia kijani."

"Ni mashine, baba."

"Najua ni mashine." Akaiegemeza picha juu ya kabati, akaniuliza kama nimekula.

Alipokuwa akipakua githeri niliketi nikiitazama. Shingo ilikuwepo, na paji la uso, na ukanda. Nikajaribu kuikumbuka bluu aliyoisema. Ubao huo niliupita kila siku ya kazi, mara nyingine nikiwa nimesimama mbele yake nikibishana na mtu juu ya kuwepo kwa Mungu. Baba aliniwekea sahani mapajani na kijiko. Nikaendelea kujaribu, na bluu haikuja.