Nyanya Hakuwa na Joto

Mpaka leo nikinusa majani ya mkoma yaliyolowekwa kwa kusukia vikapu, mimi hugeuka njia. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba ya nyanya yangu kule Lodwar, miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka tisa na mdomo mrefu kuliko akili.

Mama alikuwa akipeleka vikapu alivyosuka nyanya kambini Kakuma, kuwauzia wakimbizi. Likizo moja nilimfuata, nikarudi na kikohozi. Siku mbili nilichemka, nikatetemeka, nikaweweseka. Nyanya alinilaza kwenye ngozi yake ya kulalia, akawa ananipangusa maji huku akinihurumia: "Maskini, unaungua." Siku ya tatu nilikuwa nje naruka kamba. Yeye ndipo akaanza kukohoa.

Mama ilibidi arudi Kakuma. "Mshike paji kila asubuhi," aliniagiza. "Akipata joto tu, kimbia umwite Mama Ekiru hapo jirani, ampeleke hospitali. Dalili ya mvua ni mawingu."

Basi nikajiona daktari. Nilimshika asubuhi, nikarudia mchana na jioni. Baridi, kama mtungi. Nikimwuliza, "Ejoka?" alinijibu "Ejok," yaani hajambo, hata aliposhindwa kumaliza uji. Siku ya tatu akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilidhani ananitania.

Siku ya nne Mama Ekiru alikuja kuomba chumvi, akasikia nyanya anavyohema, akaiacha chumvi na kumwita mwenye mkokoteni. Hospitalini daktari alimsikiliza kifua, akasema mapafu yote mawili yameshikwa. "Mbona mmechelewa?"

"Hakuwa na joto," nikasema.

"Mzee anaweza kuugua sana na asichemke, mtoto wangu. Mwili umechoka kupigana."

Sikumwelewa. Nilimshika nyanya paji mbele yake ili aone mwenyewe. Bado baridi. Alifariki kabla lori lililombeba Mama kutoka Kakuma halijafika.

Nilikuwa tayari nalea watoto wangu nilipoelewa kwamba joto lile alilonihurumia lilikuwa nguvu yangu. Ugonjwa ulikuwa ule ule mmoja, nami ndiye niliyemletea.

Mama hakunigombeza. Aliniuliza mara moja tu, "Ulimshika kweli?" Nikamwambia ndiyo, na ilikuwa kweli. Afadhali ningekuwa nimesahau, ningekuwa na kosa la kutubu.